Mnyama Mweupe wa Kariuki

Jumapili, Agosti 2009. Kibomet, Kitale.

Mvua ilianza kabla watu hawajaenda kanisani na mpaka sasa haijakatika. Si mvua ya kishindo. Ni ile ya hapa kwetu ya mwezi wa nane, nyembamba na baridi, ya kukufanya ushinde na sweta ndani ya nyumba. Sina huzuni, sina furaha. Nimekaa jikoni karibu na jiko la makaa, natazama beseni la buluu lililo juu ya meza yangu ya kulia chakula.

Ndani ya beseni yumo mnyama ambaye mwezi uliopita sikujua kama yuko duniani. Wiki hii yote nimekuwa nikijaribu kuamua jambo moja juu yake: anaonekana mzima, au anaonekana mgonjwa?

Ni swali dogo. Limenisumbua kuliko nilivyotarajia.

Kuku akiugua, manyoya yanasimama na anajitenga na wenzake. Ng'ombe pua inakauka, masikio yanalegea. Mtu unamwangalia macho. Haya niliyajua tangu utotoni katika shamba la wazazi wangu nje kidogo ya mji, bila kufundishwa na yeyote. Lakini ili umjue mgonjwa, lazima uwe umewahi kumwona mzima. Mwenzake huyu sijawahi kumwona, na sidhani kama kuna mtu Kitale aliyemwona.

Nieleze alivyofika.

Nakaa na mdogo wangu Kariuki. Wanaosoma blogu hii wengi hawamjui, kwa sababu sijawahi kumwandika. Alikuwa fundi wa redio, na alikuwa na duka lake sokoni, jembamba, limejaa redio za watu hadi darini. Mapema mwaka jana liliungua pamoja na mengine ya safu ile. Alikuja kwangu na begi moja na katoni ya vitu alivyovitoa majivuni. Nikampa chumba cha nyuma. Nilifikiri atakaa mwezi, apumzike, atafute pengine pa kuanzia.

Hakutafuta. Alilala. Aliamka, alikula, aliosha sahani yake vizuri kabisa, akarudi kulala. Katoni aliisukuma chini ya kitanda na hakuifungua. Hakulalamika hata siku moja. Ukimuuliza kitu alijibu kwa adabu, kama mgeni.

Tukazoea. Mama akipiga simu kutoka shambani alikuwa ananiuliza mimi, "Kariuki anaendelea aje?" Nami natoka nje na simu, nashusha sauti, nasema ako sawa. Majirani nao wakipita wanashusha sauti. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Nyumba ilijifunza tu kunong'ona.

Halafu Jumamosi ya wiki iliyopita, rafiki yake Simiyu, ambaye ananunua bidhaa mpakani Lwakhakha na kuziuza huku, alikuja kumwomba amsaidie kubeba mizigo. Alikuwa amewahi kumwomba mara nyingi. Siku hiyo Kariuki alivaa viatu, akaenda. Sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine. Sikumuuliza, nisije nikaharibu.

Alirudi jioni na ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Aliiweka juu ya meza polepole.

"Usiogope," alisema.

"Ni nini?"

"Ati samaki anatembea. Kuna jamaa wa Kampala alikuwa anauza samaki za kuweka kwa nyumba, zile za rangi rangi. Hii ilikuwa peke yake kwa ndoo. Hakuna mtu alikuwa anaitaka."

Nilifunua. Kitu cheupe, kirefu kama kiganja na vidole vyake, kilikuwa kimelala chini ya maji na miguu minne. Kichwa kipana. Mdomo mpana zaidi, umepinda juu pande zote mbili, kama mtu aliyeambiwa jambo zuri na hataki kulisema. Macho mawili meusi kama mbegu za papai. Na kila upande wa kichwa, vishada vitatu kama unyoya wa kuku, vya rangi ya waridi.

"Inakula nini?" niliuliza.

"Sijui. Tutajua."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima iliyotangulia. Nilimtazama yeye, si mnyama. Alikuwa na matope ya Lwakhakha kwenye suruali na hakuwa amechoka.

Asubuhi yake, Jumapili, nilirudi kutoka kanisani nikakuta katoni iko wazi katikati ya chumba chake.

Yule jamaa wa Kampala alikuwa amemwambia kwamba maji lazima yatembee, yakikaa yanaoza. Basi Kariuki akatoa mota ndogo kwenye redio ya kaseti iliyoungua upande mmoja. Akakata feni kwenye plastiki ya mtungi wa mafuta ya kupikia, akaipasha juu ya mshumaa ili ipinde, akaifunga kwenye mota kwa waya. Aliomba bisibisi. Aliomba gundi. Aliniambia nisizime taa. Kufikia jioni kulikuwa na kimashine kimening'inia ukingoni mwa beseni, kinavuma kama nyuki, na maji yanazunguka kama chai inayokorogwa.

"Ona," alisema.

Nikaona. Nikasema ni kizuri, na kilikuwa kizuri. Alikaa mbele yake jioni yote, anabana waya hapa, anapunguza hapa.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu sikuonyesha.

Shida ni kwamba mnyama hakula. Kariuki alichimba nyungunyungu nyuma ya choo, akawaosha, akawakata, akamshushia mbele ya mdomo kwa kijiti. Mnyama aligeuza kichwa. Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile. Kariuki aliamka mapema kila siku kwenda kuangalia, na mimi nilikuwa namwangalia yeye akiangalia.

Nikaanza kuogopa. Si kwa ajili ya mnyama, kusema kweli. Niliogopa asubuhi ambayo Kariuki angemkuta anaelea. Nilijiona nikirudi kutoka kazini na kukuta mlango wa chumba cha nyuma umefungwa tena, na mwaka mwingine mzima wa kunong'ona.

Kwa hiyo nikaamua kujua ukweli mapema.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kupima mbegu. Tunapanga mbegu za mahindi juu ya karatasi mbichi, tunazikunja, tunaziweka kwenye joto, tunasubiri. Siku ikifika tunafungua na kutazama: mche huu mzima, huu mzizi umekatika, huu umeoza. Jicho langu limezoea. Mwenye mbegu akija kuuliza, namwambia imefaulu au imeanguka. Simbembelezi, na wengi hawanipendi kwa hilo. Lakini mbegu ninayopima leo imetanguliwa na maelfu niliyoyaona. Hapa nilikuwa na mmoja tu.

Nilianza na mambo niliyoweza kuyaona. Ni mweupe kupita kiasi, nikafikiri hana damu. Hafumbi macho, nikafikiri halali. Nilihesabu vidole: miguu ya nyuma mitano mitano, ya mbele minne minne. Nikafikiri amepoteza viwili njiani.

Majirani nao walitoa hukumu zao. Mama Chebet wa nyumba ya pili aliinama, akashika magoti, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii ni mgonjwa," alisema. "Kitu nyeupe hivi haiwezi kuwa mzima. Na hayo masikio yake, imechomwa na nini?"

"Si masikio," Kariuki alisema. "Ni ya kupumua."

"Inapumua na nje?"

"Eeh."

Mama Chebet alinitazama mimi, akanong'ona kwamba nimwombee. Sikuelewa kama anamaanisha mnyama au Kariuki.

Daktari wa mifugo anayepita mtaani kwetu kuchoma ng'ombe sindano alikuwa mkweli zaidi. Alisema yeye ni wa ng'ombe, na kama huyu angekuwa ndama angesema ana upungufu wa damu, lakini si ndama, basi haweki neno. Alikunywa chai akaenda.

Jumatano wakati wa chakula cha mchana nilibaki ofisini peke yangu, nikakaa kwenye kompyuta tunayoitumia sote. Nilitafuta samaki anayetembea. Picha zilifunguka polepole kuanzia juu kwenda chini, ukanda kwa ukanda: kwanza maji, kisha manyoya, kisha paji la uso, kisha ule mdomo. Ni yeye. Anaitwa aksolotli. Si samaki, ni wa ukoo wa vyura, ila yeye hatoki majini hata akikomaa. Asili yake ni Meksiko.

Nilisoma huku sahani ya githeri ikipoa kando yangu.

Weupe wake ni wa kuzaliwa. Wako weusi, wako wa hudhurungi, na wako kama yeye. Hana kope, kwa hiyo hawezi kufumba macho hata akiwa usingizini. Vidole vinne mbele na vitano nyuma ndivyo vinavyotakiwa. Hata kama angepoteza mguu mzima ungeota tena. Waridi la yale manyoya linafifia akipumzika na kuiva akijisogeza. Yote niliyoyaogopa hayakuwa kitu. Nilihisi mabega yakishuka.

Halafu nikasoma yaliyobaki.

Ukitaka kujua kama amekonda, mtazame kutoka juu: tumbo linapaswa kulingana na kichwa kwa upana. Manyoya yakae yamelegea kuelekea nyuma. Yakijikunja kwenda mbele, na ncha ya mkia ikipinda kama ndoana, mnyama ana mateso. Mara nyingi sababu ni maji yanayokwenda kasi. Porini anakaa kwenye maji ya ziwa yaliyotulia. Mkondo unamchosha, anaacha kula, anajibanza ukutani, na akiachwa hivyo anakufa polepole.

Sikuhitaji kwenda nyumbani kuangalia. Nilikuwa nimemtazama kila siku. Manyoya yamekunjwa mbele kama vidole vya mtu aliyeshika kitu. Mkia una ndoana. Pua imebanwa kwenye ukingo wa beseni, upande wa mbali na mashine.

Mashine ya Kariuki ndiyo iliyokuwa inamuua.

Nilifunga ukurasa. Nikala githeri baridi. Alasiri ile nilipima mbegu za watu wanne na kuwaandikia majibu yao bila kusita.

Jioni nikafika nyumbani na Kariuki alikuwa jikoni. Alikuwa amebadilisha feni akaweka yenye mabawa makubwa zaidi, ili maji yapate hewa ya kutosha.

"Nafikiri ilikuwa inakosa hewa," alisema. "Sasa itakula."

Nikasema, "Labda."

Hilo ndilo nililosema. Labda.

Alhamisi nikasema nitamwambia baada ya chakula. Ijumaa nikasema nitamwambia wikendi, tukiwa tumetulia. Niliwaza namna ya kuchomoa mota kwa bahati mbaya wakati wa kufagia. Niliwaza kusema umeme umekuwa ghali. Mwanamke wa miaka yangu, nimesimama na ufagio, napanga uongo juu ya feni.

Jana nikapanda gari asubuhi kwenda Bungoma kumwona Nanjala. Tulisoma naye chuoni, sasa anafundisha biolojia kwenye shule ya wasichana huko. Nilijiambia nataka uhakika. Nilikuwa nimempiga mnyama picha kwa simu, kutoka juu na kutoka upande.

Bungoma kulikuwa na jua. Nilivua sweta nikiwa bado stendi. Nanjala alikuwa amekaa barazani anachambua kunde, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimekonda, la pili ni kwamba chai iko.

"Hebu rete hiyo simu huku kwa kivuri," alisema, kwa ile l yake inayogeuka r, baada ya mimi kumweleza yote. Aliiinamisha, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Hii nimeona kwa chupa tu, maabara. Ikiwa hai sijawahi. Inakura?"

"Haijakula."

"Na haya mashavu yake yanaangaria mbere hivi kira siku?"

"Kila siku."

"Basi ni mgonjwa. Shukuru Mungu iko Kitare. Hapa kwangu kwa hii joto ingekuwa imeiva." Alinirudishia simu. "Umesema uriona kwa kompyuta Jumatano."

"Nilitaka kuwa na uhakika."

"Wairimu, uhakika uko nao. Umekuja huku ndio ukae mbari na nyumba yako."

Nilichukua kunde nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Unaogopa atafanya nini ukimwambia?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya sukari.

"Atarudi kulala."

"Na asipoambiwa na ikufe?"

"Atarudi kulala."

"Sasa si ni mamoja. Mwambie ingari hai."

Alinifungia kunde kwenye karatasi, na mayai. Nilifika Kitale jua likizama nyuma ya mawingu. Baridi ikanipokea stendi, nikavaa sweta tena.

Kariuki alikuwa kwenye kigoda mbele ya beseni, amewasha taa. Alikuwa na kijiti mkononi chenye kipande cha nyungunyungu. Mnyama alikuwa ukutani. Feni ilikuwa inavuma.

Niliweka mayai. Sikuvua viatu.

"Kariuki, ni mashine."

Hakugeuka. "Mashine imefanya nini?"

"Maji yanaenda mbio sana. Haiwezi kupumzika. Ndio maana hayo manyoya yamejikunja mbele, na mkia umepinda. Ndio maana haili."

Alinyoosha mkono, akachomoa waya. Mvumo ukakatika. Maji yaliendelea kuzunguka kwa muda kidogo, kisha yakaanza kutulia. Sikuwa nimetambua ni kiasi gani nyumba ilikuwa na kelele.

"Nani alikuambia?"

"Nilisoma kazini."

"Lini?"

Ningeweza kusema jana.

"Jumatano," nilisema.

Ndipo akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa kuvunjika moyo. Haukuwa huo. Alikuwa amekasirika. Sijamwona Kariuki amekasirika tangu duka liungue, hata siku ile yenyewe.

"Jumatano," alisema. "Jumatano ndio niliongeza feni. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ukaniangalia nikiongeza."

"Sikutaka uvunjike moyo."

"Kwa hivyo ukaniacha niiumize."

"Nilifikiri—"

"Kazini kwako unaambia watu mbegu yao imekufa. Watu wamelipa, wamelima, wanangoja. Unawaambia tu. Mimi unashindwa kuniambia feni ni kubwa?"

Sauti yake ilikuwa juu. Mama Chebet lazima alisikia. Nilitaka kumwambia ashushe, nikanyamaza.

"Nyinyi wote," alisema. "Wewe, mama, hata Simiyu. Mnaongea na mimi kama mnaongea na mtu ako kitandani hospitali. Mnatoka nje na simu. Mnafikiri sisikii? Nasikia. Nasikia mkisema ako sawa, ako sawa. Sasa mimi nitajua aje kama niko sawa, na hakuna mtu ananiambia kitu ya ukweli?"

Aliokota kijiti kilichokuwa kimeanguka, akakiweka mezani kwa utaratibu. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilipika kunde. Nilikula peke yangu, mkabala na mnyama. Yeye alinitazama kwa macho yake yasiyofumba na ule mdomo wake. Uso wake haukusaidii kitu. Ana sura ileile ya furaha akiwa mzima, akiwa anateseka, na nadhani hata akiwa amekufa. Nilimfunikia chakula Kariuki kwa sahani, nikaenda kulala nikiwa nimeamini kwamba nimeharibu kila kitu.

Asubuhi chakula kilikuwa kimeliwa na sahani imeoshwa.

Beseni lilikuwa na maji mapya, ya mvua, aliyoyakinga kwenye mfereji wa paa. Mashine haikuwepo. Ndani ya maji alikuwa ameweka kipande cha chungu kilichovunjika, kimeinama kama pango, na mnyama alikuwa chini yake, pua tu ikionekana. Kariuki alikuwa amekaa sakafuni, amezungukwa na waya na mirija. Hakunisalimia. Nami sikumsalimia. Nilimwekea chai karibu na goti, akainywa.

Mama alipiga simu baada ya ibada. "Kariuki anaendelea aje?" aliuliza, kama kawaida. Nilikuwa tayari nimeshika kitasa cha mlango wa nje.

"Huyu hapa, muulize," nilisema, nikampa simu.

Alinitazama, akaipokea. Walizungumza kwa Kikuyu. Nilisikia akimwambia amekorofishana na mimi, na kwamba ana mnyama, na kwamba mnyama ni mgonjwa. Mama alikuwa anauliza maswali mengi. Alimjibu yote. Mimi niliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alipomaliza alinirudishia simu, akachuchumaa mbele ya beseni.

"Kuja uangalie," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu leo. "Niambie unaona nini. Usiniambie vile unataka nisikie."

Nilivuta kiti. Nilitazama kama ninavyotazama kazini, kutoka kichwani kwenda mkiani, bila haraka. Alikuwa ametoka chini ya chungu.

"Manyoya ya kushoto yamelegea nyuma," nilisema. "Ya kulia bado yamejikunja, ila si kama jana. Ndoana ya mkia iko. Tumbo ni jembamba kuliko kichwa, amekonda. Ngozi ni safi, haina utando. Hajibanzi tena ukutani."

"Kwa hivyo?"

"Bado ni mgonjwa. Anaweza kupona. Anaweza kufa pia."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Mimi pia naona hivyo."

Alivaa koti. Alisema mtaa wa Tuwan kuna fundi wa magodoro ambaye hutupa vipande vya sponji, na ukipitisha hewa kidogo kidogo kupitia sponji, maji yanasafishika bila kukimbia. Alikuwa ameshachora jinsi ya kufanya nyuma ya bahasha. Sijui aliyapata wapi hayo, kichwani au kwa mtu. Alitoka na mvua, hakuchukua mwavuli.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika haya. Nitayapachika kesho nikifika kazini. Nilikuwa nimefika mahali pa daktari wa mifugo, pale juu, nilipoona kitu kikisogea pembeni mwa jicho.

Kariuki alikuwa ameacha vipande vya nyungunyungu kwenye kisosi. Nilichukua kijiti, nikashusha kimoja, si kwa matumaini, kwa kuwa tu mkono ulikuwa mtupu. Nilikishikilia karibu na ile pua. Mnyama hakugeuza kichwa. Alikaa. Alikaa sana, hata mkono ukaanza kuniuma. Kisha mdomo ulifunguka na kufungika kwa ghafla, mara moja, na kijiti kikabaki kitupu.

Nilikaa nikitazama kijiti.

Nikashusha kingine. Alikipokea, akakitafuna mara mbili, akakitema. Kilianguka chini, akakikanyaga kwa mguu wa mbele wenye vidole vyake vinne, akaondoka zake.

Nilimpigia Kariuki. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati na mtu akicheka.

"Imekula," nilisema.

"Usinidanganye, Wairimu."

"Sikudanganyi. Kipande kimoja imemeza. Cha pili imekitema."

Nilimsikia akisogea mbali na kicheko kile.

"Imekitema aje?" aliuliza. "Kwa nguvu, ama kimeanguka tu?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Kimeanguka tu. Nafikiri imeshiba."

"Sawa," alisema. "Usiipe ingine. Nakuja."

Mvua haijakatika. Mkia wake bado una ndoana, nimeangalia sasa hivi. Kesho asubuhi nitaangalia tena kabla ya kwenda kazini, na chochote nitakachokiona, nitakisema kabla ya kufunga mlango.